Nani Hulipia Jalada?

(Haya ni mazungumzo ya dada yetu mratibu wa vijana, yaliyofanyika Jumamosi baada ya Alasiri. Wengi mliokosa kufika mliyaomba. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)

Nashukuru ustadh kwa kunipa nafasi, na nyinyi vijana kwa kuja na jua hili. Sitawaweka sana, najua kuna watu wana mpira saa kumi na moja.

Nianze na ile picha. Mnaijua. Wiki mbili zilizopita iliingia kwenye grupu letu usiku. Mwanamke wa kizungu, nywele za dhahabu, amejifunika bendera ya Umoja wa Ulaya, na mikono ya wanaume, mikono myeusi, inamshika huku na huku, inaivuta ile bendera. Yeye anapiga ukelele. Na maandishi makubwa kwamba Uislamu unaibaka Ulaya. Aliyeituma akaandika, "Oneni wanachotufanyia sasa." Kufika Alfajiri ilikuwa imeshaenda grupu kumi, na maneno yaliyoandikwa chini yake siwezi kuyarudia mbele ya ustadh.

Na mimi niliituma. Nasema kweli, nisijifanye mjuaji hapa. Niliona, damu ikachemka, nikabonyeza. Nikaipeleka mpaka kwa mamangu.

Asubuhi ndipo nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza usiku: hii picha ni ya nani, ya lini, ya wapi? Kumbe si ya juzi. Ni jalada la jarida la kila wiki la Polandi linaloitwa wSieci, la Februari 2016. Kuna watu humu wakati huo walikuwa darasa la tatu. Tumekasirikia kitu cha zamani kana kwamba kimetoka motoni, na Suratul Hujurat aya ya sita tunaisoma kila siku, ile ya kuchunguza habari kabla hujamdhuru mtu kwa kutojua.

Lakini nilipoanza kuifuatilia nikaona kuna somo ndani yake. Kwa hivyo leo nataka tuende Polandi kidogo, halafu turudi nyumbani.

Kwanza, lile jalada halikutoka hewani. Usiku wa kuamkia mwaka 2016, mjini Cologne, Ujerumani, wanawake mamia walishikwa, wakadhalilishwa, wakaibiwa katikati ya umati karibu na stesheni ya treni. Washukiwa wengi walikuwa wanaume waliotoka Afrika Kaskazini. Hili lilitokea. Msije mkamsikia mtu akisema ni uongo wa Wazungu. Wale wanawake walidhulumiwa, na mimi kama mwanamke ninayepanda matatu za mji huu najua mkono wa mtu usiyemjua ni kitu gani. Kwa hiyo hatuanzi kwa kukana.

Sasa angalia jarida lilifanya nini na ukweli huo. Lilitoa wanaume, likaweka dini. Lilitoa Cologne, likaweka Ulaya nzima. Wale wanawake wenyewe, wenye majina na maumivu yao, wakaondolewa, akawekwa mwanamitindo ndani ya bendera. Hakuna mtu aliyebaki kwenye picha. Kuna bara linaloitwa mwanamke na kuna mikono isiyo na uso. Mkono hauna uso kwa sababu ukiuwekea uso utakuwa mkono wa fulani bin fulani, na fulani unaweza kumpeleka kortini. Mkono usio na uso ni wangu na wako.

Na si mchoro mpya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Mussolini kule Italia ilibandika mabango ya askari mweusi akimshika mwanamke mzungu. Watu wengi walipoliona jalada la wSieci waliliweka pamoja na mabango ya wakati ule, na yanafanana kweli. Miaka sabini baadaye mkono ni ule ule, umebadilishiwa dini tu.

Pili, kwa nini jalada? Kwa nini si makala ndani? Manake makala anaisoma aliyenunua. Jalada linasomwa na yule anayepita. Fikiria meza ya muuza magazeti pale stendi asubuhi. Wanaonunua ni wachache, lakini wanaosimama wakasoma vichwa wakaenda zao ni wengi sana. Jarida la rangi linaweza kukaa mezani wiki nzima, tofauti na gazeti la siku moja. Linakaa dukani, kinyozi, kwa daktari wa meno. Mtu hakulinunua wala hakulifungua, ila ile picha ameenda nayo nyumbani.

Sasa siasa. Oktoba 2015 Polandi walikuwa na uchaguzi. Chama cha Sheria na Haki, wenyewe wanakiita PiS kwa kifupi, kilikuwa kinauza ile siasa tunayoijua hata sisi: kuna wananchi halisi, na kuna hao wengine wanaowaibia nchi. Serikali iliyokuwepo ilikuwa imekubali kupokea wakimbizi kama 7,000. Nchi ya watu milioni 38, wakimbizi 7,000. Kiongozi wa PiS, Jarosław Kaczyński, akasimama kwenye kampeni akazungumzia magonjwa na vimelea ambavyo watu hao wangeweza kuja navyo. Chama kikashinda. Na kwenye ule mpango wa Ulaya wa kugawana wakimbizi waliokwama Italia na Ugiriki, unajua Polandi ilichukua wangapi? Sifuri. Hata mmoja. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikuja kuamua Aprili 2020 kwamba walivunja sheria, wao na Hungaria na Chechia, lakini wakati huo mpango ulikuwa umekwisha kitambo.

Mei 2015, katika kura ya maoni ya taasisi ya huko inayoitwa CBOS, Wapolandi 72 katika kila 100 walisema nchi yao ipokee watu wanaokimbia vita. Aprili 2016 waliokataa walikuwa 61 katika 100. Hata mwaka haukuisha. Sisemi jarida moja ndilo lililofanya hayo, yalikuwepo mengi: mashambulizi ya Paris, ya Brussels, televisheni, wanasiasa. Lakini moyo wa nchi unaweza kugeuka kwa muda mfupi kuliko mtoto kumaliza darasa moja.

Na hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Waislamu Polandi ni wangapi? Hawafiki mmoja kwa kila watu elfu moja. Mwaka 2016 shirika la Ipsos liliwauliza watu wa nchi nyingi wakisie Waislamu nchini mwao ni asilimia ngapi, na Wapolandi wakasema saba katika mia. Wametuongeza zaidi ya mara sabini! Mtu hajawahi kukaa na Muislamu, hajamnunulia mahamri, hajakopeshwa na Muislamu dukani, lakini anaona wamejaa kila mahali. Amewaona wapi? Kwenye majalada.

Nilikuwa nafikiri chuki inazaliwa pale watu wanapobanana. Kumbe inaweza kushamiri vizuri sana pale ambapo hakuna jirani wa kuikosoa. Hapa Mombasa mtu akichora Muislamu ana pembe, kuna Mkristo atakayesema, "Aa, huyo siye. Mimi nimekaa na akina Fatuma miaka ishirini." Kule Polandi huyo msemaji hayupo.

Au tuseme yupo, ila wamemsahau. Kaskazini mashariki mwa Polandi, karibu na mpaka wa Belarusi, kuna vijiji viwili, Kruszyniany na Bohoniki. Vina misikiti ya mbao, na wenyeji ni Watatari, Waislamu waliokaa ardhi hizo tangu enzi za wafalme. Mwaka 1410, kwenye vita vya Grunwald ambavyo kila mtoto wa Polandi anafundishwa, Watatari walipigana upande huo huo wa Wapolandi. Mwaka 1679 Mfalme Jan Sobieski aliwapa ardhi kwa utumishi wao jeshini. Ni Sobieski yule yule aliyewashinda Waturuki Vienna mwaka 1683, ambaye wenye chuki leo wanamtaja kila wakitaka kusema Ulaya iliokolewa na Uislamu. Jeshini mwake mlikuwa na Waislamu! Hilo huwezi kulikuta kwenye jalada. Na mwaka 2014, kabla hata PiS hawajaingia, watu walikwenda usiku wakachora nguruwe kwenye ukuta wa msikiti wa Kruszyniany.

Haya, tuje kwenye swali langu. Jarida la rangi ni ghali kulichapisha. Bei ya mezani peke yake haiwezi kulibeba, linabebwa na matangazo ya biashara. Sasa PiS walipoingia madarakani, hawakuhitaji kuandika makala hata moja. Polandi serikali ina sehemu kubwa kwenye kampuni nyingi nzito: Orlen ya mafuta, PZU ya bima, benki ya PKO. Kampuni hizo zinatangaza sana. Watafiti wa vyombo vya habari, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Warsaw, walifuatilia matangazo yao yanakwenda wapi. Baada ya 2015 yakahama. Majarida yanayoikosoa serikali, kama Polityka na Newsweek ya huko, yakakauka matangazo ya kampuni za serikali, ingawa yana wasomaji wengi. Majarida yanayoipenda serikali, wSieci, Do Rzeczy, Gazeta Polska, yakafunguliwa bomba.

Mmeona utamu wake? Waziri akiulizwa kuhusu jalada lile anasema, "Mimi sina jarida. Hao ni waandishi huru, wana uhuru wao wa kusema." Na kwenye karatasi ni kweli. Hakuna barua wala simu iliyopigwa. Mhariri anajua tu kwamba ukurasa wa nyuma una tangazo la mafuta, na anajua linakuja kwa sababu gani. Mwenye kulipia mafuta hayo, yule mwananchi anayejaza gari lake pale Orlen, anachangia jalada linalomtisha. Pengine na yule Mtatari wa Bohoniki naye akijaza gari lake anachangia.

Mwishoni mwa 2020 wakapiga hatua nyingine. Orlen, kampuni ya mafuta, ikatangaza kununua kampuni ya magazeti, Polska Press, iliyokuwa na magazeti 20 ya kila siku ya mikoani na zaidi ya mia ya kila wiki. Petroli na magazeti ya mikoani vina uhusiano gani? Tafakari ukinywa chai.

Sasa msiseme hayo ni ya Wazungu. Hapa kwetu serikali ndiyo mmoja wa watangazaji wakubwa. Tangu 2015 kuna wakala wa serikali unaopitisha matangazo ya wizara na mashirika. Machi 2024 ilitoka amri kwamba matangazo ya serikali ya redio na runinga yaende KBC peke yake. Chama cha Mawakili kikaenda kortini kuipinga. Sisemi Kenya ni Polandi. Nasema ukiona chombo kinachochora jamii fulani vibaya mwezi mzima, usiangalie picha peke yake. Geuza ukurasa uangalie nani anatangaza. Hiyo kazi haihitaji digrii, mimi nina diploma tu na ninaifanya.

Wenye umri wangu mnakumbuka Aprili 2014, Usalama Watch, watu wakikokotwa kutoka Eastleigh wakawekwa uwanja wa Kasarani, wengi wao Wasomali. Maelfu. Mnakumbuka neno "gaidi" lilivyokuwa likitembea mitaani kabla na wakati wa operesheni ile. Polisi aliyegonga mlango alikuwa anagonga mlango ambao kila mtu alishauona kwenye picha.

Kuna jambo jingine ambalo najua wengine hamtalipenda. Yale majarida hayakuishia kwetu. Wakimbizi hawakuja, maana walikataliwa, na mtu hawezi kutishwa na kitu kisichokuja miaka yote. Basi 2019 Gazeta Polska likatoa stika ndani ya jarida, za kubandika mlangoni, zinazosema eneo hili halina watu wa LGBT. Mahakama ya Warsaw ikaamuru zisisambazwe tena mpaka kesi iishe kwanza. Na Hungaria, ambako Viktor Orbán alikuwa anaendesha siasa hiyo hiyo, jarida la Figyelő lilichapisha Aprili 2018 orodha ya majina zaidi ya 200, wasomi, waandishi, watu wa haki za binadamu, likiwaita mamluki wa Soros. Mwishoni mwa mwaka huo huo likamweka kwenye jalada kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi wa Hungaria, noti za pesa zimemzunguka.

Najua mtu ananong'ona huko nyuma, "Hao dada wanatuhusu nini?" Hukumu ya dini mnaijua, wala sikuja kuibadilisha. Nazungumzia mashine. Mwaka 2016 ilitengeneza mikono yetu. Ikitulia kwetu inamtafuta mwingine, na ikimmaliza huyo inajua njia ya kurudi. Ukiishangilia siku inapomsaga usiyempenda, wewe ndiye unayeitia mafuta.

Na ni lazima niseme hili pia. Nilipokuwa natafuta ile picha kwenye simu yangu, nikapanda juu, juu, kwenye grupu letu hili hili la vijana Waislamu, nikakuta bango. Ramani ya pwani, na juu yake watu kutoka bara wamechorwa kama nzige. Hawana sura. Chini limepewa vicheko kumi na vinne. Mimi nilikuwepo siku hiyo na sikusema kitu. Nzige na mkono, niambieni tofauti.

(Hapa kulikuwa na kimya kidogo, kisha kaka mmoja akasema, "Lakini dada, sisi hatuna serikali." Akamjibu:)

Kweli, kaka yangu, hatuna. Ndiyo maana letu limekaa kwenye simu na lao limekaa kwenye meza ya kila mji. Lakini kalamu ni moja. Na serikali ikitaka kutufungia kesho, hilo bango ndilo itakalolitoa kwanza.

Nimalizie Polandi. Vuli ya 2021 Belarusi iliwaruhusu watu kutoka Iraq, Syria na kwingine wafike mpaka wa Polandi, na serikali ya Polandi ikafunga. Eneo la mpakani likawekwa chini ya hali ya hatari, waandishi wa habari wakakatazwa kuingia. Mawaziri wakaita waandishi wakaonyesha picha chafu, eti zimetoka kwenye simu za wakimbizi. Moja ikaja kugundulika ni ya video ya zamani ya intaneti, haina uhusiano wowote na mkimbizi. Watu wakawa wanafia msituni kwa baridi.

Vijiji vya Watatari viko pale pale karibu. Watu wa Bohoniki wakaanza kupika supu. Waliwapelekea wakimbizi, na waliwapelekea pia askari wa Polandi waliokuwa wanalinda mpaka, kwa sababu na wao walikuwa kwenye baridi. Na maiti zilipoanza kuokotwa wakasema, hawa ni wetu kuwazika. Novemba ile walimzika kijana wa Syria wa miaka 19 aliyekufa maji mtoni. Hakuna aliyemjua. Familia yake ilifuata maziko kwa simu. Imamu wa kijiji akaswali, wazee wa Kitatari wakashika majembe, wakamweka kwenye makaburi ya mababu zao.

Oktoba 2023 PiS walipoteza wingi wao bungeni, na Desemba ikaingia serikali nyingine. Lakini Machi 2025 serikali hiyo mpya, si ya PiS, ilisimamisha haki ya kuomba hifadhi kwenye mpaka huo huo wa Belarusi. Waliochora jalada hawako madarakani tena, ila aliyewafuata anaogopa kuonekana hana woga.

Basi. Jumamosi ijayo, hapa hapa, kila mmoja aje na gazeti au jarida moja la wiki hii, hata la kuazima kwa kinyozi. Tutakata majalada na matangazo tuyabandike pale ukutani, upande huu picha, upande ule mwenye kulipa. Anayeweza kuja na gundi na makasi aniambie baada ya hapa. Na mwenye lile bango la nzige, sitamtaja, namwomba alifute leo kabla ya Magharibi. Mimi ile picha yangu nimeshamwomba mamangu msamaha.

Wabillahi tawfiq. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.